Gari la Baba Liliponyamaza

Nianze na kosa langu, maana nisipoanza nalo nitalizungukazunguka mpaka karatasi iishe. Nilimpoteza baba yangu barabarani huku amekaa pembeni yangu, kafunga mkanda, kavaa kofia yake. Haikuwa ajali. Nilimpoteza kwa mikeka ya kuzuia kelele, ile mizito, myeusi upande mmoja na foili ya kung'aa upande wa pili, niliyosaidia kuibandika kwa mikono yangu nikidhani namfanyia wema.

Mimi ni mtu wa mashine. Nakoboa mpunga Kibaoni, hapa Ifakara, na kwa miaka mingi sasa siku yangu huanza kwa kuwasha mota na kuishia kwa kuizima. Katikati hapo ni ngurumo tu. Mtu wa kazi hiyo huzoea kupayuka bila kujijua. Naongea na wateja kwa kupayuka, naongea na simu kwa kupayuka, na siku moja kwenye kitubio padri aliniomba kwa upole nipunguze sauti, kwa sababu foleni yote nje ilikuwa inasikiliza dhambi zangu. Nilikasirika siku hiyo. Hasira zangu ziko karibu, hilo nalo nilitaje mapema.

Baba alikuwa dereva. Aliendesha gari la misheni, akibeba dawa, masista, saruji na mara nyingine majeneza, kati ya Ifakara na upande wa Mahenge tulikotoka. Alipostaafu, mapadri walimpa gari lenyewe, kwa kuwa nalo lilikuwa limeshastaafu. Ni lile gari la Kiingereza la bodi ya alumini, tairi la akiba juu ya boneti, milango isiyofunga mpaka uibamize. Tulipokuwa wadogo tulilisikia kabla hatujaliona. Mama akilisikia kwa mbali anainjika wali, na wali ukiiva baba yuko mlangoni anavua viatu.

Kisha macho ya baba yakaondoka. Presha ya macho, walituambia hospitali, na tulikuwa tumechelewa. Liliondoka la kushoto, likafuata la kulia, na mwishowe akabaki anatofautisha mchana na usiku tu. Nikamleta kwangu Lipangalala, na gari likaja naye. Mama alipofariki tulimzika kijijini kwao, ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Baba akaomba jambo moja. Kila mwezi nimpeleke kaburini, na nimpeleke kwa gari letu, siyo kwa basi wala kwa gari la kukodi.

Nikajifunza kuliendesha lile dude. Baba hakuwa abiria. Alikuwa dereva aliyekosa usukani. Akiingia garini anavua kandambili zake, anazipanga chini ya kiti, anaweka nyayo tupu kwenye sakafu ya bati. Nilidhani ni adabu ya watu wa zamani, kutochafua gari. Kisha tunaondoka, na yeye anaanza kutaja njia.

"Matuta ya sokoni," anasema. "Hapo kuna kalavati, gari litaitika." Na kweli tunapita juu ya kalavati na sakafu inaitika kama ngoma. "Weka gia ya tatu, linalalamika." Tukitoka mjini anasema changarawe imeanza, tukifika kwenye shamba la miti anasema, "Mitiki hii," na mimi nikigeuka naona mitiki imesimama pande zote mbili. Sikuwahi kujiuliza amejuaje. Nilijiambia tu kwamba amepita njia hii maisha yake yote, bila shaka anahesabu dakika kichwani.

Na mtoni ndipo paliponishangaza zaidi. Enzi za pantoni, madereva wakifika katikati ya maji walishuka garini na kuvua kofia, wakasimama hivyo mpaka ng'ambo. Baba alisema ule mto umechukua watu wengi mno kuvukwa na mtu aliyekaa na kofia kichwani. Siku hizi kuna daraja, hakuna anayeshuka. Lakini baba hakuacha. Daraja lina maungio ya chuma, na tairi zikipita juu ya ungio la kwanza zinagonga, du-du, na papo hapo kofia yake iko magotini. Du-du, du-du, mpaka ungio la mwisho, na kofia inarudi kichwani. Kipofu yule hakukosea hata mara moja.

Mimi muda wote huo naongea. Naongea juu ya mashine, juu ya bei ya mpunga, juu ya jirani aliyejenga ukuta akamega kiwanja changu. Napayuka ili nishinde injini, milango inayogongana na vioo vinavyotetemeka. Na baba kila baada ya muda ananiambia, "Sisikii, mama."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Basi akisema sisikii, mimi naongeza sauti. Anasema tena, "Sisikii." Naongeza tena, mishipa ya shingo inanitoka. Mwishowe anageuzia uso dirishani na kunyamaza, nami moyo unaniuma. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mzee wangu hana macho, kilichobaki kwake ni maongezi, na hili gari la bati linamnyima hata hayo.

Hapo ndipo wazo la kulifufua gari liliponijia. Lilikuwa limeshaanza kuliwa na kutu chini, chasi imetoboka pembeni, rangi imebanduka. Nikalipeleka kwa fundi wa bodi pale Kibaoni, mtu mzima niliyesoma naye darasa moja, ambaye alikaa Dar es Salaam miaka kadhaa na kurudi na maneno mengi. Nikamwambia mambo mawili. Lipendeze kama lilivyokuwa siku mapadri walipoliteremsha likiwa jipya, na ndani pawe kimya kiasi cha baba kunisikia nikinong'ona.

"Wewe? Unong'one?" akaniuliza.

Nikamwambia afanye kazi yake.

Akanionyesha video kwenye simu. Mtu wa nchi fulani anagonga mlango wa gari kuukuu, mlango unalia ngaa. Anabandika mkeka mweusi kwa ndani, anagonga tena, mlango unasema dup, basi. "Hii ndiyo saundi prufu, dada," fundi akasema. "Bati linalia kwa sababu linatetemeka. Ukilibandika huu mkeka linakuwa zito, halitetemeki. Juu yake unaweka sponji isiyonywa maji, halafu kapeti. Raba mpya milangoni. Gari la zamani kwa nje, ndani kama studio." Niliangalia ile video mara nyingi siku hiyo. Ngaa. Dup. Nilitamani ningeweza kuibandika na mashine yangu yote.

Mzigo ulikuja kwa basi kutoka Dar. Tukang'oa viti, tukang'oa gunia kuukuu na mkeka wa ukindu ambao baba aliuweka kwenye sakafu tangu lini sijui. Upande wa dereva ulikuwa mzima. Upande wa abiria, pale kwenye miguu, gunia lilikuwa limekatwa kwa kisu tundu mbili zinazolingana na nyayo, bati liko wazi. Fundi akasema panya. Nami nikakubali kwamba ni panya, ingawa sijawahi kuona panya anayekata pembe nne zilizonyooka.

Fundi alichomelea chasi, akaisugua sakafu mpaka ikang'aa, akaipangusa kwa thina. Ile mikeka hubandikwa ikiwa ya moto, na kifaa chake cha kupashia hakikuwa na nyaya nzima, kwa hiyo nikaazima draya kwenye saluni ya jirani. Cha kukandamizia tukatumia mpini wangu wa kusukumia chapati. Tulibandika sakafu, milango, ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu, mpaka dari. Akaweka bushi mpya za raba kwenye springi. Akaweka na kiyoyozi kidogo alichokitoa kwenye gari bovu, ili tusifungue vioo vumbi likaingia. Rangi ikapigwa kijivu ileile ya zamani. Siku alipomaliza, aligonga mlango kwa vifundo vya vidole na mlango ukasema dup. Mimi nilicheka kwa furaha, nikapiga makofi. Baba sikumwambia kitu zaidi ya kwamba gari linapigwa rangi. Nilitaka kumshtukiza.

Safari ya kwanza alipanda, akavua kandambili, akaweka nyayo chini na kuziinua haraka.

"Nini hiki?"

"Kapeti, baba. Laini."

Akazirudisha polepole. Niliwasha gari, nikafunga vioo, nikaondoka. Kwa kweli ilikuwa raha. Injini ilibaki mbali huko mbele kama ya mtu mwingine. Niliongea kwa sauti ya kawaida, na sauti yangu ya kawaida ikanishangaza, sikuwa nimeisikia siku nyingi.

"Unanisikia, baba?"

"Nakusikia."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Na hapo, sijui kwa nini, nikakosa la kusema. Nimepayuka miaka yote hiyo nikidhani nina mengi. Nikamtajia bei ya mpunga, akaitikia. Nikamtajia ukuta wa jirani, akaitikia. Kiyoyozi kikaendelea kuvuma. Nikamtazama, nikaona ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na ukingo wa kiti kwa mwingine.

"Tumeondoka?" akauliza.

Tulikuwa tumeshapita sokoni. "Zamani, baba."

"Aa."

Baadaye kidogo akauliza kama nimezima injini. Nikasema inawaka. Akauliza kama tuko kwenye lami. Nikasema changarawe. Hakutaja kalavati, hakutaja mitiki, hakuniambia niweke gia ya tatu. Nilimwonea huruma halafu nikajipongeza, nikajiambia mzee leo amepumzika.

Tukafika darajani. Nilipunguza mwendo makusudi, nikasubiri kofia. Tairi zikapita ungio la kwanza, nami mwenyewe nilizisikia kwa mbali, kitu kama mtu anayegonga nyumba ya jirani. Kofia haikutoka. Ungio la pili, la tatu, la nne. Maji yanapita chini yetu, mapana na ya kahawia, na baba amekaa wima na kofia yake kichwani, anatazama mbele kwa macho yasiyoona. Nilitaka kumwambia, baba, mto. Nikajizuia. Mtu aliyenifundisha desturi ile ningemkumbushaje kama mtoto? Tukavuka hivyohivyo.

Makaburini hapakuwa na mtu, ilikuwa saa sita mchana. Nikazima gari, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Hakushuka.

"Tuko wapi?"

"Kwa mama, baba. Tumefika."

"Hapa siyo."

"Ndiyo hapa."

"Hatujavuka mto," akasema. "Mto uko wapi?"

Nikamwambia tumeuvuka. Akatikisa kichwa. Nikamshika mkono, nikamtoa, nikamtembeza mpaka kwenye msalaba wa saruji na kuweka kiganja chake juu yake. Aliupapasa, juu, kando, kando. Halafu akaondoa mkono.

"Kila msalaba ni wa saruji," akasema. "Mwaka jana ulisema njia inakuchosha. Kama inakuchosha niambie, mama. Usinilete makaburi ya mjini ukaniambia ni kwa mke wangu."

Sijui niliwahi kuumia hivyo lini. Nilipayuka. Nilimpayukia baba yangu mwenye miaka yake yote ile, mbele ya kaburi la mama, kwamba mimi si mwongo, kwamba nimefunga mashine siku nzima kwa ajili yake, kwamba kama hana macho basi awe na imani. Neno lile la macho nililisikia likinitoka na sikuwahi kulirudisha. Hakusali. Alipapasa njia kurudi garini kwa kufuata joto la boneti, akapanda, akafunga mlango. Dup.

Njiani kurudi alisema mara moja tu, na alisema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe. "Basi kichwa changu kimeanza kwenda."

Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Kwa sababu nyumbani kichwa chake hakikwenda popote. Alijua kuku yupi ametaga kwa mlio wake. Alijua mgeni kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Nilimpeleka hospitali, daktari akamuuliza siku, mwezi, majina ya watoto wake, akamwambia ahesabu kurudi nyuma. Alijibu yote, kisha akamwambia daktari kwamba feni yake ya dari ina skrubu imelegea. Daktari akaniambia mzee yuko sawa. Nikamwuliza, sasa mbona barabarani anapotea? Akasema pengine safari ndefu zinamchosha, tumwangalie. Nilitoka pale sijui nimwamini nani, daktari au lile kaburi.

Mwezi uliofuata nilimwambia tujiandae. Akasema safari hii nimwache. Mwezi mwingine nikamwambia tena, akasema nimsalimie mama. Nikaenda peke yangu, katika gari langu la kimya, nikalia njia nzima, na hakuna aliyenisikia maana saundi prufu huzuia pande zote mbili. Nikirudi namkuta amekaa barazani, kofia kichwani, nyayo kwenye sakafu ya saruji. Namwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama." Kisha basi. Alikuwa amejitoa kwenye barabara mwenyewe, kwa sababu aliogopa kupotea tena mbele yangu. Na mimi, nitakiri, nilikuwa nimeshaanza kuwaambia ndugu kwenye simu kwamba mzee anaanza kusahau. Nilikuwa nawaambia kwa sauti yangu ileile. Bila shaka alisikia kila neno.

Kilichonifumbua kilitokea kwenye mashine, na ni kitu kidogo mpaka naona aibu kukiandika.

Ilikuwa msimu wa mavuno, watu wamejaa, magunia mpaka barabarani. Katikati ya ngurumo nikahisi mashine ina mlio mwingine ndani yake, mwembamba, kama mluzi. Beringi. Ukiiacha beringi ife katikati ya msimu umekwisha. Nikainama, nikaweka kiganja juu ya bodi ya mashine, nikafumba macho ili niusake ule mluzi unatoka upande gani. Mama mmoja mteja akaja sikioni kwangu, anauliza juu ya pumba zake.

"Ngoja," nikamwambia. "Sisikii."

Akasogea. "NASEMA PUMBA ZANGU!"

"Sisikii, mama!"

Akaweka mikono mdomoni. "PUMBA! ZANGU! ZIKO WAPI!"

Nikageuka nimewaka. "Wewe nakusikia! Nani kasema sikusikii? Nimesema sisikii! Sisikii mashine! Wewe ndiye unaniziba!"

Halafu nikasimama pale nimekodoa macho. Yule mama alidhani nimeugua, akaniuliza kama niletewe maji. Mimi nilikuwa narudia maneno yangu mwenyewe kichwani, pole pole, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikusikii. Sisikii. Baba hakuwahi kuniambia sikusikii. Hata siku moja. Katika safari zote zile, kwa adabu yake yote, alisema sisikii, mama, na mimi nikaichomeka ile silabi ya ku mwenyewe, kwa kuwa sikuweza kufikiria kwamba kuna kitu kingine garini cha kusikia zaidi yangu.

Alikuwa anasikiliza barabara. Kalavati, mitiki inayorudisha mngurumo, changarawe, maungio ya daraja. Na zile tundu mbili kwenye gunia zilikatwa kwa kisu chake, nyayo zipate bati. Gari lile lilikuwa macho yake, na mimi nikalifunika, nikalikandamiza kwa mpini wa chapati, nikapiga makofi.

Nilizima mota. Wateja walilalamika, nikawaambia warudi kesho. Nilikwenda nyumbani nikachukua kisu cha jikoni na kuingia garini, upande wa abiria. Kapeti ilitoka kirahisi. Sponji ilitoka vipande vipande. Ule mkeka wa chini ulikuwa umeshikana na bati kama ngozi, nikaukwangua kwa kisu, nikaukwangua kwa jembe dogo, vidole vikavuja damu na lami nyeusi ikanijaa kwenye kucha. Fundi alipita, nadhani wateja walimwambia nimechanganyikiwa. Alisimama akitazama kazi yake ikitupwa uani.

"Dada, ile kitu haibanduliwi. Imetengenezwa isibanduke."

"Nisaidie au uondoke."

Alinitazama, akakunja mikono ya shati. Tulibandua sakafu ya upande wa baba na mlango wake wote. Upande wangu niliuacha, na kiyoyozi nikakichomoa waya. Fundi akagonga mlango wangu, dup, akazunguka akagonga wa baba, ngaa. "Gari nusu bubu," akasema, akaenda zake anatikisa kichwa.

Baba alikuwa barazani, anasikiliza yote hayo. Nikamwendea nikapiga magoti, mikono yangu michafu hivyohivyo. Nilitaka kumweleza habari ya ku, na ya beringi, na ya gunia, na kumwomba msamaha kwa lile neno la kaburini. Nilianza mambo yote kwa mkupuo na hakuna lililokaa sawa. Akaweka mkono juu ya kichwa changu akasubiri nimalize, sikumaliza.

"Kesho twende kwa mama," nikasema mwishowe.

Mkono wake ukabaki kichwani kwangu. "Nikipotea?"

"Ukipotea ni mimi nimepotea, baba. Twende."

Asubuhi alipanda, akavua kandambili, akaweka nyayo chini. Nilimwona vidole vya miguu vikijikunja na kujikunjua juu ya bati. Nikashusha vioo vyote. Nikawasha gari, likanguruma upande wake na kunong'ona upande wangu, na nikauma ulimi. Hamjui ilivyo kazi kwa mtu kama mimi. Tulipita matuta ya sokoni nikiwa nimebana midomo. Tukapita kalavati, sakafu ikaitika, naye hakutaja. Changarawe ilipoanza aliinamisha kichwa kidogo. Kwenye mitiki midomo yake ilicheza, lakini kama alisema kitu mimi sikukipata.

Darajani sikupunguza mwendo. Sikutaka kumsaidia. Sikumtazama pia, nilitazama mbele kama dereva anayetahiniwa. Du-du.

Nilipothubutu kugeuza jicho, kofia ilikuwa magotini.

Aliishika kwa mikono miwili, upepo wa mto unampepea mvi, mpaka ungio la mwisho. Kisha akaivaa, akaisawazisha vizuri, akaegemea kiti. Mimi sikuona barabara vizuri kwa machozi.

"Haya, mama," akasema. "Ulikuwa unasemaje?"

Aliuliza kama vile nimekatizwa dakika moja iliyopita, siyo miezi ile yote. Nikajifuta, nikaanza kumwambia. Nikaanzia kwenye mashine, na mluzi, na yule mama na pumba zake, naye akacheka, na kicheko chake kikanipandisha sauti, nikawa napayuka tena kama kawaida yangu. Nilikuwa nimefika kwenye ile ku ndipo alipoinua kiganja.

"Sisikii, mama," akasema.

Nikanyamaza, tukaisikiliza changarawe wote wawili mpaka kaburini.